Uradi wa Mkono wa Kulia

Nilifanywa walii nikiwa na miaka sabini na mbili, na wala sikuulizwa rai yangu. Sikufunga Rajabu, sikukesha, sikuipa dunia kisogo. Kilichonipatia cheo ni kidole gumba cha mkono wa kulia, ambacho kilianza kukisugua kidole cha shahada polepole na bila kuchoka, kama cha mtu anayevuta tasbihi. Tasbihi yenyewe haikuwapo. Watu wa kijiji chetu hawakuona kuwa hilo ni tatizo.

Lazima kwanza niseme mie ni nani, maana asiyenijua ataamini lolote. Nimesomesha hisabu skuli ya hapa, upande wa Gando, zaidi ya miaka thalathini, na nusu ya wanaume wa kijiji hiki wamewahi kula bakora yangu kwa ajili ya jedwali la saba. Dini yangu ilikuwa ya Ijumaa na Idi, na hiyo Ijumaa yenyewe nilikuwa nafika khutba imekwisha nusu, nakaa mlangoni karibu na viatu. Baada ya laasiri mpaka magharibi nilikuwa barazani kwenye dhumna, ule mchezo wa kete. Mwenzangu wa upande mmoja alikuwa fundi cherahani ambaye duka lake linatazamana na baraza. Alikuwa anaziacha suruali za watu na pini zimo, anavuka njia, anakaa mbele yangu, na tukiwafunga wenzetu mpaka wanakwenda kwao bila kuaga.

Maradhi yalinianzia puani. Msimu mmoja wa karafuu mke wangu alikuwa ameanika majamvi mawili uani, mie nimekaa pembeni, nikamuuliza mbona karafuu za mwaka huu hazinukii. Akanitazama. "Karafuu zinanukia mpaka Tanga huko. Hiyo pua yako ndiyo iliyokufa." Tukacheka. Mwaka uliofuata ukaanza mkono, na hapo hatukucheka sana.

Dhumna inataka mkono mtulivu kuliko watu wanavyodhani. Kete zangu zilianza kuanguka chali juu ya meza, kila mtu anazisoma. Na kahawa je? Kile kikombe kidogo kisicho na mkono nikikipokea kimejaa, kikifika mdomoni kimebaki nusu, nyingine imenywewa na kanzu. Siku moja ziliniponyoka kete tatu kwa mpigo, na fundi, mwenzangu mwenyewe, akasema kwa sauti, "Yakhe, umekuja kucheza au umekuja kuwasomea wenzetu?" Baraza zima likaangua kicheko. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Nikasimama nikasema nakwenda kusali, na ilikuwa bado saa nzima kabla ya magharibi. Lakini nilipokaa msikitini peke yangu nikagundua jambo: hapa ndipo mahali pekee kijijini ambapo mtu hapewi kitu ashike. Basi nikahamia.

Mke wangu alinipeleka spitali Wete. Wete wakasema twende Unguja, na Unguja tukamkuta daktari kijana aliyenigongesha vidole, akanikunja kiwiko, akanitembeza ukumbini kwenda na kurudi kama ng'ombe anayetafutiwa mnunuzi. Akasema ni ugonjwa wa Parkinson. Hautibiki ukaisha, akasema, lakini viko vidonge vya kuurahisisha. Nivimeze kwa saa zake, nisiruke hata kimoja. Ndani ya meli tukirudi nilimwambia mke wangu kuwa hii ni siri ya nyumba yetu.

"Siri gani inayotikisika?" akaniuliza.

Nimekaa na mwanamke huyu miaka arubaini na sita na sijamshinda kwa maneno hata mara moja.

Lakini siri ilijihifadhi yenyewe. Kila dalili aliyonitajia daktari, kijiji kiliipatia tafsiri yake. Daktari alisema uso utakakamaa, hautaonesha furaha wala huzuni. Kijijini wakasema Mwalimu kaiacha dunia, hacheki tena na upuuzi. Sauti ikashuka, wakasema ni unyenyekevu. Nikisujudu nachelewa kuinuka, kwa sababu magoti hayasikii amri na mgongo ni gogo. Walio nyuma yangu wakawa wananong'onezana urefu wa sijida zangu. Ndani ya sijida hizo, Mwenyezi Mungu anisamehe, dua yangu ilikuwa moja tu: Ya Rabi, niinue. Na mkono ndio uliowamaliza kabisa. "Huyu kashapita uradi wa ulimi," nilimsikia mmoja akimweleza mwenzake. "Umemshuka viungoni. Hata akilala vidole vinasabihi." Mwongo. Nikilala vinanyamaza, kamuulize mke wangu.

Kichekesho zaidi kilikuwa mlangoni. Ugonjwa huu una tabia ya kumgandisha mtu penye kizingiti, miguu ikawa kama imepigwa misumari. Msikitini huingii kwa mguu wa kushoto, na ulioganda ni wa kulia. Basi nilikuwa nasimama pale dakika mbili tatu, naulaani mguu kimoyomoyo kwa maneno nisiyoweza kuyarejea hapa, na nyuma yangu watu wamejipanga kwa adabu, viatu mkononi, wananingojea nimalize dua ya kuingia msikitini. Wao wanaijua ile fupi. Wakaamini mie ninayo ndefu. Imamu aliniita pembeni akaniomba nimwandikie.

Haukupita mwaka nikahamishwa kutoka kwenye viatu mpaka safu ya mbele, nyuma ya imamu hasa. Wakaanza kunibusu mkono. Nataka mfahamu vizuri: mkono ule ule. Mtu mzima ana ndevu na wajukuu, niliyemtandika kwa kuibia majibu ya mwenzake, anauinamia, anaubusu mbele na nyuma, unamgonga pua, na anasema alhamdulillahi. Wakaniletea asali, halua, mkungu wa ndizi, jogoo. Wakaniletea sahani nyeupe na zafarani niwaandikie kombe, ile aya inayoandikwa ikaoshwa kwa maji mgonjwa akanywa. Mwandiko wangu, uliokuwa ukisomeka kutoka dawati la mwisho, ugonjwa umeukunja ukawa wa sisimizi. Wakasema hiyo ndiyo khati ya wenyewe, haikusudiwi kusomwa na kila mtu.

Nami nilipenda, nisizunguke. Barazani nilikuwa mzee anayemwaga kahawa. Msikitini nilikuwa mtu anayesogezewa mto. Wewe ungechagua wapi?

Kosa langu ni hili. Kidonge cha saa tano asubuhi kilikuwa kikiutuliza mkono saa mbili tatu, na siku ya Ijumaa saa hizo ndizo za msikitini. Ijumaa moja nilikaa safu ya mbele mkono umelala juu ya goti, kimya, kama mkono wa mtu yeyote. Nikawaona wanautazama. Hawakusema kitu, lakini waliobusu siku hiyo walikuwa wachache, na walibusu upesi upesi. Ijumaa ya pili kidonge cha saa tano nikakitumbukiza ndani ya kopo la tangawizi. Mkono ukacheza, heshima ikarudi. Jioni mke wangu alinilisha wali kwa kijiko kwa sababu mwili mzima uligoma, nami nikamwambia ugonjwa umezidi. Nilifanya hivyo Ijumaa nyingi.

Basi Ijumaa moja baada ya sala fundi akaja nyumbani. Hatukuwa tumesemezana vya maana tangu ile siku ya kete. Alivaa kanzu ya Idi, akakaa chini mkekani wakati viti vipo, akakataa kunywa kitu. Nilidhani kaja kuniomba radhi, nikajikunjua vizuri niipokee.

"Mwalimu," akasema, "na mie imenijia."

"Imekujia nini?"

Akautoa mkono wa kulia ndani ya kanzu akauweka juu ya goti. Gumba likakisugua kidole cha shahada, polepole, bila kuchoka.

"Tangu mwezi wa maulidi," akasema. "Kwanza nikaona labda ni uchovu wa cherahani. Halafu nikajiuliza, Mwalimu alianzaje? Si hivi hivi? Na mie na madhambi yangu, niliyekucheka mbele ya watu." Machozi yakamtoka. "Nimekuja unambie nifanye nini nisiipoteze."

Nilikuwa naujua mkono ule kuliko mwenyewe. Nilijua utakakokwenda: kwenye kikombe, kwenye vifungo, kwenye sindano. Maneno yalikuwa hapa mdomoni: yakhe, hiyo si karama, hayo ni maradhi, nenda spitali. Lakini nikimwambia la mkono wake, nimeshamwambia la wangu. Na barazani kwangu walikuwapo watu wawili wanasubiri kombe, milango yenyewe hii ya kwetu haifichi neno.

Nikasema, "Mashaallah." Kisha, kama hilo halikutosha, nikaongeza, "Shukuru, na usimwambie mtu."

Akataka kunibusu mkono. Wangu ukaenda huku, wake ukaenda kule, tukatafutana kidogo.

Alipotoka, mke wangu akafunua pazia. "Umempongeza?"

"Ningemwambiaje?"

"Kwa mdomo. Wa kulia asali za watu si unao?" Akanisogelea. "Yule mshonaji, bwana. Chini ya mkono wake pana sindano, hapana tasbihi."

Nikamwambia nitamweleza nikipata nafasi. Nafasi nilizipata nyingi. Kila siku nilimuona msikitini, naye kashasogea safu ya pili, anautazama mkono wake kama mama anayetazama mtoto aliyeanza kusimama. Niliuchukia uso wangu usioonesha kitu, na papo hapo nikaushukuru. Zikapita wiki tatu.

Habari aliileta mke wangu, asubuhi, akitoka kwa mke wa fundi. Fundi alikuwa anashona sare za skuli, mkono ukaruka, sindano ikaingia ukuchani ikatokea upande wa pili. Shati la mtoto wa watu limejaa damu. Spitali hakwenda. Kafunga kitambaa, kasema huo ni mtihani wa njia, na kwamba akipoa atalifunga duka moja kwa moja ashike ibada.

"Njia gani hiyo?" akaniuliza mke wangu. "Eti yenu nyinyi wawili."

Akaenda jikoni, akarudi na kopo la tangawizi, akalimimina mapajani mwangu. Vidonge vya Ijumaa zangu zote vilikuwamo, vimegeuka rangi.

"Nilidhani unamdanganya yeye tu," akasema. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililonitisha. "Mie nakunyanyua kitandani. Nakufunga vifungo. Nakulisha. Wallahi sijachoka, kwa maradhi nitakunyanyua mpaka nife. Lakini kwa ujinga sikunyanyui. Leo utamwambia weye au nimwambie mie?"

Nilimeza kidonge changu, nikachukua na pakiti yake, nikatoka. Kutoka kwangu mpaka dukani kwa fundi ni mwendo wa kumaliza sigara, mie nilikwenda karibu nusu saa. Barazani walikuwa wameshakusanyika, ingawa dhumna haijaanza. Wakasimama wote waliponiona. Nikavuka njia, nikafika mlangoni kwa fundi, na pale kizingitini mguu ukaganda.

Fundi alikuwa nyuma ya cherahani, kidole kimefungwa kitambaa. Akainuka kwa heshima, akafumbata mikono, akanyamaza kuningojea nimalize dua.

"Sisomi kitu," nikamwambia.

Akatabasamu, akainamisha kichwa.

"Sisomi kitu, yakhe! Mguu umeganda. Njoo univute."

Hakuelewa. Ikabidi nirudie mara ya tatu, na baraza zima linasikia. Akaja akanivuta kwa mkono mzima, nikaingia nikajitupa juu ya kigoda cha wateja. Nikaiweka pakiti ya vidonge juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na mkasi, nikamweleza. Nilimweleza kama nilivyokuwa nikisomesha, hatua moja baada ya nyingine: mlango, sijida, uso, sauti, mwandiko, daktari wa Unguja, kopo la tangawizi. Aliyasikiliza yote, na macho yake yako kwenye pakiti.

"Karafuu unazisikia harufu?" nikamuuliza mwisho.

Akainua pua. Nje palikuwa na jamvi la karafuu la jirani, hatua tano kutoka mlangoni.

"Nilidhani wameleta mbichi," akasema.

Kisha akaniuliza, "Siku ile nilipokuja kwako, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukasema mashaallah."

"Nikasema."

Akakitazama kidole chake. "Nilikwenda kaburini kwa mama yangu nikamwambia," akasema. "Maisha yake yote alikuwa akiniombea niwe mtu wa dini. Nikakaa pale nikamwambia, mama, imekubaliwa." Akaisukuma pakiti kunirudishia. "Toka dukani kwangu, Mwalimu."

Nikainuka nitoke. Nikafika kizingitini nikaganda tena. Nilisimama pale, mgongo nimempa yeye na uso nimeipa baraza, sina pa kwenda, mpaka akaja mwenyewe akanisukuma nje.

Hakuficha neno. Jioni ile ile aliwaeleza watu barazani kila kitu, nami nikakaa nyumbani kungojea kudharauliwa, ambako nilikustahili. Asubuhi ikaja asali. Mchana wakaja watu wanne wa Mtambile, huko kusini kabisa, hawajawahi kuniona maishani, wanataka dua. Kumbe kijiji kilikaa kikapima ushahidi kikatoa hukumu: walii wa kweli siku zote hukana. Nikamwambia imamu ana kwa ana, "Shehe, mie ni mgonjwa, ile dua ya mlangoni haipo." Akanishika bega, akasema kwa upole kwamba amefahamu, hataniomba tena, si kila mtu anaruhusiwa kuitoa. Bibi mmoja alitaka kidonge kimoja tu ampe mwanawe anayefanya mtihani. Nilimfokea, na kwa sauti yangu hii akadhani namsomea.

Aliyeniamini ni mtu mmoja tu, naye hakuwa akinisalimia. Alikwenda Wete, akenda Unguja, akagongeshwa vidole, akatembezwa ukumbini. Alirudi na pakiti kama yangu. Mke wake ndiye aliyemwambia wangu. Kwa miezi miwili nikipita mbele ya duka lake cherahani ilikuwa inanyamaza mpaka nimalize kupita. Usiku nilikuwa namfikiria yule mama kaburini aliyepelekewa habari ya uongo, na aliyeithibitisha ni mie.

Kidonge cha saa tano sikiruki tena. Siku za Ijumaa mkono unalala, na wanaoutazama wanasema Mwalimu sasa kafika daraja la kimya. Lakini magoti hayana imani na vidonge. Ijumaa moja, si zamani, tulikuwa kwenye sijida ya mwisho ya rakaa ya pili. Imamu akaleta takbiri, watu wakainuka wakakaa, mie nikabaki chini. Nikajaribu. Nikajaribu tena. Pua imezama kwenye jamvi, pumzi haipiti, mgongo hautaki. Nyuma yangu msikiti mzima umejaa watu wenye nguvu zao, wapanda mikarafuu, wavuvi, na hakuna aliyenyoosha mkono, kwa sababu nani atamgusa walii ndani ya sijida yake? Niliogopa. Nilijua ninaweza kufa pale pale na wangeona wivu.

Kisha nikahisi mtu ananiingiza mkono kwapani. Ulikuwa unatikisika vibaya. Nikafungua jicho nikaona kidole chenye ukucha mweusi uliokufa.

"Inuka, mwongo mkubwa weye," akaninong'oneza fundi sikioni.

Akaniinua akanikalisha. Mtu akisema neno la kidunia ndani ya sala, sala yake imeharibika, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko mie. Watu walipotoa salamu wakaanza kutoka, alibaki pale pale alipo, akasimama peke yake akaanza upya. Nilitoka kwenye safu ya mbele, nikaburura miguu mpaka mlangoni, nikakaa karibu na viatu nikamngojea amalize.